Bi. Sijaona Dadi na Mkanda wa Tano wa Tanki

Tarehe 30 Juni 2022, saa tisa na nusu alasiri, Bi. Sijaona Dadi atafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho na kukabidhi funguo tatu: wa ofisi ya takwimu, wa kabati la majalada, na wa kufuli la bomba la tanki. Atakuwa ameitumikia Jumuiya yetu ya Miche na Kinga ya Korosho kwa miaka thelathini na mitano na miezi kumi. Miaka kumi na miwili ya kwanza aliitumikia katika ofisi ya Masasi, na iliyobaki hapa Kituo cha Newala. Katika muda wote huo amechelewa kazini siku mbili tu. Siku ya kwanza alikuwa amejifungua Faidha, na hata hivyo alimtuma mtu kuja kutoa taarifa kabla ya saa mbili. Siku ya pili basi lilikwama kwenye matope, naye akaja kwa miguu akiwa ameshika viatu mkononi.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa nilikuwa mkuu wa kituo hiki kuanzia mwaka 1998 hadi 2011, na pengine kwa kuwa wananionea huruma. Nina miaka sabini na minane, figo zimechoka, na daktari amenieleza bila kuzunguka kwamba nisipange mambo ya msimu ujao wa korosho. Nilikubali haraka kuliko walivyotarajia. Katika jalada la Bi. Sijaona kuna barua ya onyo ya tarehe 8 Aprili 2010. Yaliyomo si ya kweli, na aliyeiandika ni mimi. Nataka jambo hilo liwekwe sawa kabla jalada lake halijafungwa, na langu pia. Lakini tuanze na ya furaha, maana ndiyo mengi.

Bi. Sijaona alizaliwa Lupaso mwaka 1962, binti wa mkulima aliyekuwa na mikorosho mingi na maneno machache. Alijiunga nasi tarehe 1 Septemba 1986 akiwa na cheti cha kupiga chapa na gauni moja la ofisini. Ulikuwa wakati wa ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya Masasi, ambayo mwaka mmoja nyuma yalikuwa na rafu tupu na mwenye duka anayesinzia, yalianza kujaa sabuni, betri, vitenge na vitu ambavyo hata muuzaji hakujua vinatumikaje. Ofisi yetu haikujaa chochote. Tulikuwa na taipureta moja iliyokatika springi, ambayo ilikuwa haisogei mpaka uisukume kwa mkono baada ya kila herufi. Wiki yake ya kwanza Bi. Sijaona alifunga kamba ya katani kwenye kile kitoroli cha juu kinachobeba karatasi, akaipitisha ukingoni mwa meza na kuning'iniza jiwe. Jiwe likawa linavuta, mashine ikawa inakwenda. Iliandika hivyo kwa miaka sita. Wageni walidhani ni hirizi.

Soko huria lilipofika kwenye korosho na wanunuzi binafsi wakaanza kushuka na malori, karatasi ziliongezeka mara tatu. Yeye ndiye aliyepiga chapa orodha za wakulima kutoka Lulindi hadi Chiungutwa, na kwa kuwa alizipiga mara nyingi, alizikariri. Mkulima akija kudai miche na kutaja idadi ya miti yake, Bi. Sijaona alikuwa akimwuliza kwa upole kama ile mingine thelathini imepandwa wiki hii. Mara nyingi mkulima alicheka na kupunguza.

Mwaka 1999 tulipata kompyuta ya kwanza hapa Newala. Niliweka amri kwamba kila anayeingia chumba cha kompyuta avue viatu mlangoni, nami nikawa wa kwanza kuvua. Tulikwenda hivyo mwezi mzima, tukiwa na soksi zenye matundu mbele ya mashine. Bi. Sijaona alirudi kutoka mafunzo ya wiki mbili Mtwara, akaingia na viatu vyake, akakaa, akaiwasha. Aliniambia kwa heshima zote kwamba mashine haijali. Siku hiyo tulivaa viatu vyetu.

Sasa nifike kwenye tanki.

Asiyeishi juu ya uwanda huu huenda asielewe, lakini kwetu maji ni jambo la kwanza na la pili. Yako chini mabondeni, sisi tuko juu. Kinachodondoka kwenye bati wakati wa mvua ndicho tunachokunywa hadi mvua nyingine. Mwaka 2008 Jumuiya ilituletea tanki jeusi la plastiki la lita elfu kumi, refu kuliko mlango, lenye mikanda minane iliyolizunguka toka chini hadi juu. Fundi alishauri liwekwe nyuma ya ghala. Mimi nilikataa. Nilitaka likae katikati ya ua, kati ya jengo langu na ofisi ya takwimu, ili nikiwa kwenye kiti changu nione kila ndoo inayotoka. Ufunguo wa bomba alipewa Bi. Sijaona. Kila asubuhi, kabla hajagonga kibonye chochote cha kompyuta, aligonga ubavu wa tanki kwa vidole, kuanzia juu kushuka chini. Palipo patupu hulia, penye maji huwa kimya. Kisha aliandika daftarini maji yamefika mkanda wa ngapi.

Mwaka uliofuata likaja dishi la mtandao. Dishi lilifungwa juu ya paa la jengo langu, na mashine inayorusha mtandao hewani ikawekwa dirishani kwangu. Kompyuta ya takwimu, hatua thelathini ng'ambo ya ua, haikuwa na uwezo wa kuunasa. Bi. Sijaona akaenda Masasi, akarudi na adapta ya USB, kidude chembamba cha urefu wa kidole ambacho unakichomeka kwenye kompyuta na papo hapo inaanza kupokea mtandao bila waya. Ilikuwa Oktoba, kiangazi kikali. Kurasa zilifunguka kama mlango usio na komeo, na kwa mara ya kwanza orodha zetu zilifika makao makuu bila kupanda basi.

Mvua za Desemba zilipoanza, mtandao ulianza kujikokota. Januari ukawa wa kutambaa. Februari, ukurasa mmoja ulitaka muda wa kuchemsha maharage. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mimi nilisema ni mawingu. Gasper, bwana shamba wetu wa Chiungutwa na mtu wa utani mchana kutwa, alisema dishi limelewa maji ya mvua, liachwe lipumzike.

Bi. Sijaona alianza kutafuta, na namna alivyotafuta ndiyo ninayotaka vijana wa ofisi waisome mara mbili. Alibadilisha jambo moja tu kwa siku, ili likitokea badiliko ajue limeletwa na nini. Siku ya kwanza alihamisha adapta kutoka tundu la mbele la kompyuta kwenda la nyuma. Hakuna kitu. Siku ya pili aliondoa flashi iliyokuwa imechomekwa jirani yake. Hakuna kitu. Akafuta programu inayoiendesha na kuiweka upya kutoka kwenye diski yake. Akazima ule mpangilio wa kompyuta unaoifanya adapta isinzie ili kuokoa umeme. Akaniomba ruhusa, akabadilisha mkondo unaorushwa na mashine ya dirishani kwangu. Mwisho alibeba kompyuta yake nzima, na adapta ikiwa imechomekwa, akaileta mezani kwangu. Hapo mtandao ukaruka kama Oktoba. Basi adapta ilikuwa nzima, kompyuta nzima, na mashine yangu nzima. Ugonjwa ulikuwa uani.

Akafungua daftari lake la maji, akaanza kuandika safu ya pili: dakika ambazo ukurasa wa barua pepe huchukua kufunguka. Wiki sita baadaye alikuja ofisini kwangu.

"Shikamoo, Mzee. Nimeona tatizo. Ni tanki. Maji yakipita mkanda wa tano yanakuwa katikati ya dirisha lako na dirisha langu, na mtandao hauvuki maji."

Nilimwitikia marahaba, kisha nikamwambia hivi, na watu wawili walikuwepo wakasikia: "Mama Faidha, mtandao unapita hewani. Maji ni ya kunywa. Wewe piga chapa."

Sikumkatalia kwa sababu nilikuwa na hoja. Nilimkatalia kwa sababu tanki niliweka mimi.

Orodha ya mahitaji ya salfa, ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho isipate ubwiri, ule ukungu mweupe unaoua maua, ilitakiwa makao makuu tarehe 31 Machi 2010. Mvua zilikuwa kileleni na tanki limejaa hadi mkanda wa nane. Bi. Sijaona alijaribu kutuma tangu asubuhi hadi jioni. Orodha ilifika nusu, ikarudi. Kesho yake alimpa Gasper flashi, akaipeleka Masasi kwa pikipiki katika mvua. Masasi hakukuwa na umeme, halafu ikaingia Pasaka. Orodha ilitumwa tarehe 6 Aprili. Salfa ya Lulindi na Chiungutwa ilikuja wiki tatu nyuma ya wengine, na wapo waliotazama maua yao yakigeuka meupe huku mikono iko mitupu.

Lakini hata kabla ya hayo, siku ileile orodha ilipofika, makao makuu waliuliza ni nani aliyeichelewesha. Niliandika barua. Nilisema ni uzembe wa Bi. Sijaona Dadi, na kwamba amekichezea kifaa cha ofisi, akikitoa tundu hili na kukiweka tundu lile, hadi kikapungua nguvu. Yaani uchunguzi wake ndio niliougeuza kosa lake. Mwaka huohuo nafasi ya Mkuu wa Kumbukumbu na Mawasiliano ilitangazwa. Wote tulijua ni yake. Walifungua jalada, wakaikuta barua, wakampa mwingine.

Siku barua ilipotoka, Bi. Sijaona alisoma nakala yake, akaikunja, akaenda nyumbani mchana. Alirudi na chujio kubwa la chuma la jikoni kwake, waya mrefu wa USB na mwanzi. Alifunga adapta katikati ya chujio kama kiini ndani ya yai, akalisimamisha nje ya dirisha juu ya mwanzi, na kulielekeza dirishani kwangu kwa kupita pembeni mwa tanki. Chujio lilikusanya mtandao na kuurudisha kwenye adapta. Tanki likiwa limejaa, kurasa zilifunguka. Gasper aliuliza anachuja chai ya nani. Alijibiwa kwamba ni ya watu wenye haraka, yeye hayumo.

Wiki mbili baadaye jirani yetu alifiwa. Kwa desturi ya hapa tanki lilifunguliwa kwa waombolezaji, na kwa siku mbili ndoo hazikukatika. Alasiri ya siku ya pili niliingia ofisi ya takwimu kumtafuta Bi. Sijaona. Alikuwa msibani akipika. Kompyuta iliwaka, na chujio lilikuwa sakafuni kwa sababu siku hiyo alikuwa amerudisha adapta mahali pake pa zamani, apime. Nilikaa kwenye kiti chake, nikabonyeza. Kurasa zilifunguka kabla sijaondoa kidole. Nikatoka uani, nikagonga tanki kama nilivyomwona akigonga. Maji yalikuwa mkanda wa nne.

Hapo nilipaswa kuvuka barabara na kumwambia, mbele ya masufuria. Badala yake nilirudi, nikachukua daftari lake, nikanakili safu zote mbili kwa mwandiko wangu.

Mtaalamu wa makao makuu alipokuja Mei kukagua, nilimpa ile nakala. Nilimwambia nimefanya uchunguzi. Alilitazama lile chujio kwa furaha kubwa, nami nikamwambia hata chujio ni la jikoni kwangu. Hilo halikuwa na ulazima wowote. Miezi yote hiyo Mama Faidha alikuwa akinywa chai yenye majani. Tarehe 8 Agosti, kwenye maonyesho ya Nane Nane, nilipewa cheti cha ubunifu kazini, na ile nakala ikabandikwa ubaoni watu waione. Bi. Sijaona alikuwepo. Alisimama mbele ya ubao kwa muda, kisha akakaa na kupiga makofi kama wengine.

Kesho yake, Jumatatu, aliingia ofisini kwangu na funguo. Akasema, "Umeamkaje, Mzee."

Asiye wa huku ataona ni salamu nzuri. Mimi namzidi miaka kumi na minane. Gasper, aliyekuwa amekaa pale, alitazama dari kana kwamba kuna popo. Tangu siku hiyo Bi. Sijaona hajawahi kuniamkia shikamoo. Amenihudumia, amenipikia kwenye misiba ya kwangu, alinibebea sanduku la vitabu nilipostaafu. Tukikutana sokoni huniuliza habari za nyumbani, na husikiliza jibu. Lakini ile moja, hapana. Ni miaka kumi na miwili sasa, na sijathubutu kumwuliza kwa nini, kwa kuwa ningejibiwa.

Yeye aliendelea na kazi kwa cheo kilekile. Mwaka 2012 tanki lilihamishiwa nyuma ya ghala, pale fundi aliposema, wakati wa kiangazi lilipokuwa jepesi. Makarani wa vituo vingine walianza kumpigia simu mtandao ukizorota, na aliwafundisha wote kwa sentensi moja: badilisha kitu kimoja, andika, subiri kesho. Kituo kimoja kiligundua kwamba mtandao wao ulizuiwa na kabati la chuma. Kingine kiligundua karani alikuwa akining'iniza mkoba wake juu ya adapta. Hajawacheka. Tangu siku ile ya salfa, hakuna orodha ya Newala iliyochelewa.

Wiki mbili zilizopita nilimwita nyumbani. Alikuja peke yake. Alipopita kwenye pipa langu la maji aliligonga ubavuni, kwa mazoea, akaniambia limebaki robo. Nilimweleza yote haya kama nilivyoyaandika. Alisikiliza akiwa ameweka mikono mapajani, na nilipomaliza alikaribia kutabasamu.

"Mzee, haya nayajua tangu Nane Nane. Daftarini kuna siku niliandika tarehe 29 Februari, na mwaka ule Februari haikuwa nayo. Nawe ulinakili hivyohivyo, ukabandika ubaoni."

Nilimwuliza nifanye nini.

"Wasomee watu. Nitakuwepo."

Kisha akainuka. Nilingoja mlangoni, natumaini mnaelewa nilingoja nini. Akasema, "Ugua pole, Mzee," akaenda.

Bi. Pili Khalfan, mkuu wa sasa wa kituo, amenieleza kwamba kanuni haziruhusu barua kung'olewa kwenye jalada. Zinaruhusu karatasi mpya kuwekwa juu yake. Karatasi hiyo ndiyo hii. Ameahidi kuipa namba na kuiweka juu ya ile ya mwaka 2010, nimetia saini kila ukurasa, na nakala imekwenda makao makuu pamoja na ombi kwamba cheo alichonyimwa kiandikwe katika cheti chake cha utumishi. Walijibu juzi. Wamekubali. Atastaafu kama Mkuu wa Kumbukumbu na Mawasiliano. Cheti cha ubunifu nimekishusha ukutani, kimeacha mraba safi kwenye chokaa, na kimeandikwa upya kwa jina la mwenyewe. Atakipokea leo. Mke wangu ameongeza zawadi yake, chujio la chuma, jipya.

Kwa niaba ya wafanyakazi wa Newala na Masasi, na wakulima wa Lupaso, Lulindi na Chiungutwa ambao kwa miaka hii yote orodha zao hazijakosewa hata mti mmoja, tunakushukuru, Bi. Sijaona. Nenda ukapumzike pamoja na Faidha na wajukuu. Mvua zikupe tanki lililojaa, lisimame pembeni mwa nyumba, na chai yako isiwe na majani. Uwe na siku nyingi na njema.

Wasifu huu atausoma Gasper, kwa sababu sauti yangu haifiki nyuma. Nimeomba kiti cha mbele, upande wa mlango, mahali ambapo mstaafu hupita akitoka kupeana mikono na wageni. Akipita akaniuliza nimeamkaje, nitajibu nimeamka salama, nami nitajua nimestahili. Akiniamkia ile nyingine, marahaba yangu ninayo tayari.

Dunstan Christopher
Mkuu wa Kituo mstaafu, Newala